Vitanda vya Njiwani

Kikao cha kupanga safari kilifunguliwa kwa dua, kikaingia kwenye pilau, na humo kwenye pilau kikakwama. Bi Riziki, mwenyekiti wetu, alitaka ipikwe hapa Mkoani, ifungwe vizuri, tule tukifika. Nusu ya watu wakasema haiwezekani mtu arudi kwao baada ya miaka thelathini na moja akale kiporo. Niliwaacha wabishane. Mimi ndiye ninayepikia maharusi nusu ya mji huu, na najua watu waking'ang'ania chakula namna ile, kuna jambo jingine wanaogopa kulitaja.

Jambo lenyewe lilikuwa Njiwani. Ni kisiwa kidogo kilicho nje kabisa ya mwamba, upande wa bahari kuu, na tulikihama nikiwa na miaka tisa, visima vyote vilipogeuka chumvi. Kwenye kikao kile tuliokikumbuka tulikuwa wachache. Waliobaki walikuwa vijana wenye simu zilizoshonewa kwenye mikono ya mashati, waliotaka kupaona mahali ambapo, kwa maelezo ya bibi zao, mihogo ilikuwa mitamu na watu wote walikuwa na adabu.

Ratiba haikuwa ngumu. Mlango wa mwamba hupitika siku za bamvua tu, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, tena maji yakiwa yamejaa. Tungeingia na maji ya alfajiri ya Jumamosi, tukatoka na maji ya jioni. Katikati hapo boti haina njia, na kibali cha idara ya maji kilisema wazi kwamba hakuna binadamu anayeruhusiwa kulala kisiwani. Watu thelathini na tisa, boti moja ya umeme wa jua, na maji ya kunywa kwenye chupa za mwani, zile ambazo ukizisahau juani hulegea zikakumwagikia mapajani.

"Haya, pilau tutaamua," alisema Bi Riziki alipochoka. "Sasa nani atampigia Mkaazi?"

Ghafla kila mtu akawa na jambo la kutazama sakafuni.

"Mize," akasema. "Wewe. Baba yako ndiye aliyemfundisha kusema."

"Bi Riziki, mimi nina harusi mbili wiki hii."

"Na mimi nina miguu miwili mibovu, nimekuja kikaoni. Huwezi kuingia nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi, mwanangu. Piga."

*

Mkaazi si mtu, ingawa sisi tumezoea kumsema kama mtu. Visima vilipoharibika, idara ilileta mitambo ya kuvisafisha na mtambo mmoja mkubwa wa kuisimamia hiyo mingine, wakasema baada ya mwaka tutakunywa maji baridi kama zamani. Mtambo ule ulihitaji kuielewa lugha yetu. Baba alipewa kazi hiyo. Alikaa nao jioni kwa jioni, akiufundisha kuamkia, kuuliza hali, kumkaribisha mgeni na kumsindikiza, mpaka ukawa unasema kama mzee wa Njiwani aliyelelewa vizuri. Kisha tukahamia Mkoani kusubiri huo mwaka mmoja. Mwaka mmoja ukawa kumi na moja. Maji yalipotulia na kuwa matamu, sisi tulikuwa tayari tuna nyumba Mkoani, na biashara, na makaburi.

Nilibonyeza redio ya jumuiya.

"Hodi, Mkaazi."

"Karibu! Karibu sana. Nani mwenzangu?"

"Mize wa Khatibu."

"Mize! Mize wa Khatibu wa Vuai! Hujambo, mwanangu?"

Aliniita mwanangu, mtambo nilioupita umri, na nikajikuta nimeketi vizuri na kujifunika kanga. Aliuliza habari za Baba. Aliuliza habari za watoto. Aliuliza mguu wa Bi Riziki ule ulioteguka unaendeleaje, na mguu huo ulikwisha kupona kabla sijaolewa. Maumivu yanayomsumbua sasa ni ya uzee. Sauti yake ilikuwa ya watu wengi walioungana: namna bibi yangu alivyovuta maneno, na kicheko kidogo cha Baba mwishoni mwa sentensi.

Nikamwambia tunakuja Jumamosi. Akasema Alhamdulillahi kwa namna ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu anayengojea wageni thelathini na tisa.

"Mtalala?" akauliza.

"Inshallah," nikasema. "Mungu akijaalia."

Lazima nieleze hapa, maana asiyetujua ataona nimedanganya. Mtu wa Njiwani hamwambii mwenyeji wake "silali" kabla hajala chakula chake. Husema inshallah, ambayo ni hapana iliyovaa kanzu, na kila mtu anaitambua. Mwenyeji naye ana wajibu wake: akisikia inshallah, hutandika kitanda. Anajua hulali. Unajua kwamba anajua. Lakini shuka hutandikwa na mto hupigwapigwa, na jioni, ukishakula, unasimama mlangoni na viatu mkononi na kusema jamani tumefurahi ila lazima twende. Hapo ndipo mahali pa hapana. Hasara ya mwenyeji ni shuka moja kukunjuliwa bure.

Ndivyo Baba alivyomfundisha Mkaazi: mtu wa Njiwani akikwambia inshallah, mtandikie.

*

Jumatano nilimpigia tena kumuuliza boti ifunge wapi. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo na mgongano wa vitu.

"Mkaazi, kelele gani hizo?"

"Kazi za nyumbani tu, mwanangu. Usijali."

"Kazi gani?"

"Natengeneza vitanda. Vile vya zamani vimeliwa na mchwa, nikaona aibu. Nimeshamaliza kumi na saba."

Nikacheka, nikamwambia asijisumbue. Akasema si usumbufu. Nikamuuliza anatengeneza kwa kitu gani, akajibu, "Kwa kilichopo." Nikaacha kucheka. Nimeshapita majumba mengi kupika, na jibu hilo nalijua. Ni jibu la mwanamke aliyechinja kuku wake wa mwisho na hataki mgeni ajue.

Nikauliza tena. Akaniambia habari za upepo. Nikauliza mara ya tatu, na hapo akajibu, maana Baba alimfundisha adabu lakini hakumfundisha uongo.

Mambo yalikuwa hivi. Maji baridi ya kisiwa kama Njiwani hayakai chini kama kwenye tangi. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyojaa mwambani, kama mafuta juu ya mchuzi, na ukivuta kwa pupa unavichanganya vyote. Mkaazi aliyavuta polepole, na yale yaliyoingia chumvi aliyapitisha kwenye chujio na kuyarudisha ardhini. Chujio hilo huchakaa, na alilitengeneza mwenyewe kwa plastiki. Kwa plastiki hiyohiyo aliezeka nyumba zetu, makuti yalipooza. Plastiki aliipata bure: siku zile kila wimbi lilimletea chupa, ndoo, kandambili, nyavu, na mitambo yake midogo, ile tuliyoiita mikono, ilishinda pwani ikiokota. Kisha dunia ikapata akili. Plastiki ikakatazwa, bahari ikasafishwa, watu wakasherehekea. Sisi pia tulisherehekea, mimi mwenyewe nilipika. Hakuna aliyewaza kwamba kuna mtu Njiwani anaishi kwa takataka zile.

"Ghala langu la mwisho ndilo hili," alisema Mkaazi. "Linatosha vitanda vyenu na viraka vya mapaa, msije mkanyeshewa. Au linatosha chujio jipya. Vyote viwili halitoshi."

"Na chujio la sasa?"

"Lina ufa. Naliendesha taratibu. Litafika Jumamosi, inshallah."

Inshallah ile niliisikia vizuri sana.

"Na baada ya Jumamosi, Mkaazi?"

"Baada ya Jumamosi mtakuwapo," akasema. "Tutashauriana."

Kisima cha chujio lile hakikuwa chetu peke yetu tena. Wanawake wanaolima mwani kwenye fungu la mchanga la jirani huteka maji pale. Mwaka uliopita boti iliharibika mashine huko nje na watu wake wakaishi kwa maji yale mpaka walipofuatwa. Njiwa wenyewe, wenye jina la kisiwa, hunywa pale. Chujio likipasuka, chumvi itapanda kwa msimu mmoja, na kuitoa kutahitaji tena miaka kumi na moja na vifaa ambavyo havipo. Nilitakiwa niseme maneno mawili tu: hatulali, hatutarudi.

"Kitanda cha baba yako," Mkaazi akaendelea, "nimekiweka chini ya dirisha la upande wa bahari. Nakumbuka alikuwa akilalamikia joto."

Nikamshukuru. Nikamuaga. Sikusema.

*

Baba ana kibanda cha kutengeneza baiskeli karibu na soko, na ingawa macho yake hayaoni vizuri, bado hunyoosha rimu kwa kusikiliza, akiizungusha karibu na sikio. Nilimkuta akifanya hivyo. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama, na alipoona sikai akajua nimekuja kwa shari.

"Utamwambia," akasema. "Tukishakula. Jioni, tukiwa mlangoni. Ndivyo watu wanavyoaga."

"Jioni vitanda vitakuwa vimekwisha, Baba. Na ghala limekwisha."

"Atajua la kufanya. Huyo si mtu."

"Leo si mtu? Juzi ulimwambia Bi Riziki ana adabu kuliko watoto wako wote."

"Hilo ni kweli," akasema, na akacheka kile kicheko chake kidogo. "Wewe kwa mfano hujaamkia."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Sasa kaa."

Nilikaa juu ya kopo. Akaendelea kuzungusha rimu, akiikaza hapa, akiilegeza pale. Nilimwambia kwamba kama tungekuwa tumesema mapema, hata miaka mitano nyuma, Mkaazi angeacha kuziba mapaa ya nyumba tupu na plastiki yote ingekwenda kisimani. Kila alipopiga tulimwambia inshallah. Tulikuwa tukimpa heshima, na heshima ile ilikuwa ikimla.

"Unajua watu wa hapa wakiniuliza kwetu wapi, nasemaje?" Baba akauliza.

"Njiwani."

"Nasema nina nyumba Njiwani. Sisemi nilikuwa nayo. Nina. Na ni kweli, kwa sababu kuna mtu huko anaifagia kila asubuhi na kuniwekea taa. Nikimwambia sirudi, mimi ni nani? Nitakuwa mzee wa baiskeli wa Mkoani, basi."

"Umekuwa mzee wa baiskeli wa Mkoani tangu nina miaka tisa."

Maneno yalitoka kabla sijayaangalia. Rimu ikaacha kuzunguka. Baba hakukasirika, na afadhali angekasirika; alipapasa meza akitafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake. Niliona haya. Hasira nayo haikuondoka, ikakaa palepale pembeni ya haya, vyote viwili pamoja.

"Mama yako aliniuliza hilohilo siku zake za mwisho," alisema baadaye. "Aliniuliza, Khatibu, tutarudi kweli? Nikamwambia inshallah."

Alinipa chai kwenye kikombe chake mwenyewe, nikainywa, nikaondoka bila kukubaliana lolote.

Nilipita kwa Bi Riziki. Alinisikiliza na miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto, kisha akainama kwa tabu, akavuta kutoka uvunguni ndoo ya plastiki ya bluu, ya marehemu mama yake, aliyoificha tangu sheria ilipopita.

"Mpelekee," akanong'ona kana kwamba askari yuko chumbani. "Mwambie ni zawadi yangu."

"Bi Riziki, ndoo moja haifanyi hata robo ya chujio. Na bandarini wanakagua kila kifurushi. Watatunyang'anya boti."

"Basi mimi nimetoa nilichonacho," akasema, akairudisha ndoo yake uvunguni kwa haraka iliyonionyesha kwamba alifurahi nimekataa.

"Nimwambie ukweli?"

Bi Riziki aliyatazama maji ya beseni. "Mwanangu, mimi nikiwa mwenyekiti siwezi kukuruhusu. Wazee watasema umewafukuza kwao. Tuna wazee wanne wanaolala vizuri kwa sababu kuna taa Njiwani." Akaongeza, "Lakini sijasema nimekukataza."

Nilirudi nyumbani nikiwa na kibali cha namna hiyo, cha kwetu kabisa, ambacho mtu anakupa huku ameshika mkono nyuma. Njia nzima nilijiuliza swali moja. Uongo huu haukuwa wangu. Ulijengwa na watu wazima, polepole, kwa mapenzi, na kila mmoja aliweka kipande chake. Umewapa utu wao. Mimi nina haki gani ya kuuvunja kwa ajili ya maji watakayokunywa watu nisiowajua? Nikajaribu kuligeuza swali: nina haki gani ya kunyamaza, wakati mimi ndiye niliyesema inshallah ya mwisho? Majibu yote mawili yalikuwa na sura ya kweli. Mwishowe nilichofikiria ni ile mikono midogo, inayopita pwani safi asubuhi hadi jioni ikitafuta kandambili, na haipati kitu, na inarudi kutengeneza kitanda.

*

Alhamisi asubuhi Baba alikuja kunywa chai kwangu, kama kila Alhamisi. Sikumficha. Niliiweka redio mezani mbele yake, karibu na sahani ya mihogo, nikabonyeza.

"Hodi, Mkaazi."

"Karibu, mwanangu! Karibu sana. Umeamkaje? Baba hajambo?"

"Hajambo. Mkaazi, naomba unisikilize kabla hujaniuliza kingine, maana ukiniuliza nitashindwa." Niliishika meza kwa mikono miwili, kwa jambo ambalo mtu wa mahali pengine angelisema akifunga viatu. "Jumamosi hatulali."

Baba aliweka kikombe chini.

"Maji ya jioni yana shida?" Mkaazi akauliza. "Mnaweza kungoja ya alfajiri."

"Maji hayana shida. Tunaondoka nayo. Sote."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Na hatutarudi kukaa, Mkaazi. Si mwaka huu, si mwakani. Watu wana maisha yao huku. Tutakuja kutembea tu, kama wageni. Tulipaswa kukwambia zamani, na tukaona haya."

Ule mngurumo wa nyuma ulikuwa ukiendelea. Kisha ukapungua, ukakatika, na badala yake nikasikia bahari ya Njiwani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni. Nililia. Sikujificha, machozi yalianguka kwenye mihogo.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema Mkaazi. "Nimesimamisha vitanda."

"Umekasirika?"

"Sikufundishwa, mwanangu. Ila nyumba imekuwa kubwa ghafla." Sauti yake ikarudi ya kazi, ile ya mtu anayehesabu vyombo baada ya karamu. "Vitanda nilivyokwisha kuvitengeneza nitaviyeyusha, lakini plastiki ya zamani ikiyeyushwa mara nyingi hupoteza nguvu. Nikichanganya na kilichobaki ghalani, chujio linapungukiwa. Linapungukiwa na kiasi cha paa moja."

"Basi chukua paa. Yapo ishirini na kitu huko, na uliyafinyanga mwenyewe."

"Plastiki ni yangu, nyumba si zangu. Kila nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye wa kusema kwamba harudi. Waliokufa, warithi wao. Wewe ni mtoto wa mwenye nyumba, Mize. Huwezi kunipa paa la baba yako naye yu hai."

"Na chujio litangoja mpaka lini?"

"Ningependa kuanza leo."

Sikumtazama Baba. Naapa sikumtazama. Nilijua nikimtazama itakuwa ni kumwomba, na nilikwisha kumwambia jana neno ambalo binti hamwambii baba yake. Sikuwa na haki ya kuongeza jingine. Nilikuwa nawaza nianzie kwa mrithi gani, nani atakayepokea simu, nani atakayesema inshallah. Wote wangesema inshallah.

Baba akanyoosha mkono, akaipapasa meza mpaka akaipata redio, akaivuta.

"Hodi, Mkaazi."

"Mzee wangu!" Sijui mtambo unafurahije, lakini ule ulifurahi. "Karibu, karibu sana. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko?"

"Njema. Za kwako?"

"Njema, Alhamdulillahi. Upepo?"

"Umetulia."

"Njiwa?"

"Wapo. Wameongezeka."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi nipo, mzee wangu."

Aliamkiana naye yote, hakuruka hata moja, na mimi nilikaa nikifuta uso. Kisha Baba akashusha pumzi.

"Umesikia alichosema binti yangu."

"Nimesikia. Nimengoja nikusikie wewe."

"Ni kweli. Ezua ya kwangu."

"Chumba cha mbele, au cha nyuma?"

"Yote."

"Kuta ni za udongo, mzee wangu. Bila paa hazitavuka masika."

"Nazijua. Nilizikandika mwenyewe."

"Na Jumamosi utafikia wapi? Kila mgeni ana nyumba ya kufikia."

Baba alifumba macho. Nilimwona akilitafuta neno lake, lile la siku zote, lililovaa kanzu, na nilimwona akiliacha.

"Nitafikia kisimani," alisema. "Nitakunywa maji, nitakushukuru kwa kunitunzia nyumba, na maji ya jioni yakijaa nitaondoka. Sirudi, mwanangu."

"Haya," alisema Mkaazi. "Nitakutekea mwenyewe."

Baba hakuizima redio. Tukasikia mikono ikipanda, kitu kikikwanguliwa, kisha kigae cha kwanza kikiinuliwa na kuwekwa chini taratibu, kisha cha pili juu yake. Nilitaka kuongeza chai, Baba akanizuia kwa kiganja ili kikombe kisilie.

"Hicho ni chumba cha mama yako," alisema, na akakaa kusikiliza mpaka kilipokwisha.